Aliyeifungua Randa

Katika mtaa ule wa mafundi, kati ya wachomeleaji na washona makochi, seremala mwanamke alikuwa mmoja tu, na wote walimwita Fundi Mama. Karakana ilikuwa ya mumewe. Miaka mitatu nyuma mume alianguka na kiharusi akiwa kazini, penseli ikiwa bado sikioni. Upande wake wa kulia ukalala, na ulimi nao ukagoma. Fundi Mama, ambaye hadi siku hiyo kazi yake ilikuwa kupiga msasa na kupaka vanishi, alivaa aproni ya mumewe akaanza kupokea oda.

Kazi aliiweza. Kilichomshinda ni randa ya mkono. Kifundo cha mkono wake wa kulia kiliwahi kuvunjika kikaunga vibaya, na akiisukuma randa kwa nusu saa tu, mkono unavimba hadi vidole havikunjiki. Kwa hiyo aliuza cherehani yake akanunua randa ya umeme, mpya kabisa, ndani ya boksi lake, ikiwa na waranti ya mwaka mmoja. Siku ya kwanza kuiwasha alicheka peke yake. Ubao uliokuwa ukimchukua asubuhi nzima ulilainika kabla chai haijapoa.

Mwezi wa saba alipata oda ambayo hajawahi kupata: milango kumi na minne ya shule iliyokuwa inajengwa upya. Mwalimu mkuu alitaka iwe tayari kabla ya wanafunzi kurudi, wiki tano zijazo. Alikuwa kwenye mlango wa pili randa ilipoanza kukoroma. Ikatema cheche, ikatoa harufu ya plastiki iliyoungua, kisha kimya.

Hakuogopa. Asubuhi yake alichukua risiti na kadi ya waranti, akaiacha randa juu ya meza ya kazi, akaenda dukani kuuliza. Muuzaji hata hakunyanyuka kwenye kiti.

"Sisi tunauza tu, mama. Ipeleke kituo cha matengenezo cha kampuni."

Kesho yake aliifunga randa kwenye taulo akaenda nayo. Kituo kilikuwa ng'ambo ya pili ya mji, ghorofa ya kwanza, sakafu inang'aa, viti vya plastiki vimepangwa kama vya harusi. Fundi wa kituo aliichukua akaingia nayo ndani. Dakika kumi hazikupita akarudi nayo.

"Mama, hii imefunguliwa."

"Imefunguliwa na nani?"

"Hilo unalijua wewe. Tazama hapa." Alimwonyesha skrubu moja ubavuni. "Kiwandani wanaweka tone la rangi nyekundu juu ya hii. Hapa rangi imechanika. Na hii nyingine imefungwa upande. Ikishafunguliwa nje ya kituo, waranti imekufa."

Damu ilimpanda. "Naapa kwa watoto wangu niliowazaa! Mashine hii haijaguswa na mtu. Nyie ndio mmeifungua huko ndani sasa hivi ili mnikatae!"

Watu kwenye viti waligeuka. Fundi aliibakiza randa kituoni. Aliandika kitu kwenye fomu, akampa nakala yenye namba ya malalamiko, akamwambia apige simu huduma kwa wateja.

Hapo ndipo mateso yalipoanza. Alipiga simu ile kila siku ya kazi kwa majuma mawili. Sauti ya kike ilimwambia simu yake ni ya muhimu sana, abonyeze moja, abonyeze nne, asubiri. Kisha muziki. Kila aliyepokea alikuwa mpya, na kila mmoja alitaka hadithi yote tangu mwanzo: alinunua lini, namba ya mashine ni ipi, imefanya nini. Akifika kwenye ile skrubu, sauti inabadilika. "Tutalifuatilia, mteja wetu." Mara simu inakatika.

Wifi yake, dada wa mume, aliyekuwa akiishi nao na kumhudumia kaka yake, alikuwa anapita na beseni la nguo akamkuta amesimama na simu sikioni.

"Bado wanakuimbia tu?"

"Bado."

"Basi cheza, wifi. Angalau muziki wa bure."

Siku za kwanza wifi alitania hivyo. Baadaye akaacha. Fundi Mama hakulitilia maanani. Alidhani wote wamechoka.

Milango haikusubiri. Alishika randa ya mkono, akafunga kifundo kwa kitambaa, akasukuma. Mlango wa tatu ulimchukua siku nne. Kwenye wa nne alilia waziwazi, machozi yakidondokea takataka za mbao, huku mumewe akimtazama kutoka kwenye kiti chake pale mlangoni, taya likimtetemeka. Mwalimu mkuu alipopita kuangalia, alihesabu kwa macho, akakohoa.

"Fundi, hapa tutafika kweli?"

"Tutafika, mwalimu. Mashine iko kituoni, wiki hii inatoka."

Alijua anadanganya. Maji yalikuwa shingoni, na hakuwa na kingine cha kusema.

Wiki ya tatu alirudi kituoni bila kuitwa. Alikaa kwenye ngazi tangu saa mbili asubuhi. Kijana wa mapokezi alimwambia meneja yuko kwenye kikao, akajibu atasubiri kikao kiishe. Saa saba akamwambia meneja ameenda kula, akajibu naye hula, lakini leo hali. Meneja alipotokea, mwanamke mrefu mwenye miwani, Fundi Mama hakugombana. Sauti ilikuwa imemwishia. Alimnyooshea tu mkono ule uliovimba.

Meneja aliutazama. Kisha akamwingiza ofisini, akatoa karatasi.

"Kuna njia moja. Hii ni tamko. Inasema kwamba mashine haikufunguliwa na wewe wala mtu yeyote wa kwako, unasaini. Mimi naituma kiwandani na kuwaambia huenda rangi ilichanika kwenye usafirishaji. Nikiandika hivyo, mara nyingi wanakubali."

"Nisaini sasa hivi?"

"Kaa nayo, isome nyumbani, uilete kesho. Ni kiapo hicho, mama. Siyo karatasi ya kufungia vitumbua."

Aliruka ngazi mbili mbili wakati wa kushuka.

Nyumbani aliwaketisha mume na wifi, akasoma kwa sauti, neno kwa neno, kama mtu anayesoma barua ya posa. Alipofika "wala mtu yeyote wa nyumbani kwangu," mume alipiga mkono wa kushoto kwenye mkono wa kiti. Akapiga tena. Akajaribu kusema, ikatoka sauti tu, na macho yakamjaa machozi.

"Nini, baba? Unaumwa?"

Mume alimtazama dada yake. Wifi aliinamisha kichwa, akaanza kusokota pindo la khanga.

"Wifi, nisamehe. Ile siku uliyoenda dukani na risiti, kaka alinionyesha bisibisi. Nilikataa. Akaanza kulia. Mimi nikaishika mashine kwa mikono miwili, yeye akaifungua kwa mkono wa kushoto. Alitaka ukirudi uikute imepona. Tuliporudishia, skrubu moja ikagoma kukaa sawa."

"Na mmeniacha wiki tatu niwaite watu waongo?"

"Kila siku nilisema kesho nitamwambia. Nikikuona ulivyo, mdomo unakuwa mzito."

Fundi Mama alitoka nje. Alisimama ukutani. Alitaka kupiga kelele na hakujua ampigie nani. Mtu aliyemfundisha kushika msumeno alikuwa mle ndani akilia kwa sababu alijaribu, mara moja tu, kuwa fundi tena. Na kesho kulikuwa na karatasi. Saini moja, randa inarudi, milango inaisha. Nani angejua?

Kisha akarudi ndani. Alimfuta mumewe machozi kwa ncha ya aproni, akachukua kalamu. Mstari ule akaukata, juu yake akaandika kwa herufi kubwa: "Ilifunguliwa na mume wangu ambaye ni mgonjwa. Alitaka kunisaidia. Ilikuwa imeshaungua kabla hajaigusa."

Meneja aliisoma akavua miwani.

"Mama, ungesaini tu."

"Najua. Naomba na yule fundi wako nimwone. Nilimtukana bure."

Fundi alikuja, akapokea ombi la msamaha kwa aibu kubwa kuliko ya aliyeliomba. Karatasi ikaenda kiwandani. Jibu lilirudi baada ya siku sita, mistari mitatu: mashine imefunguliwa, ombi limekataliwa, asante kwa kuchagua bidhaa zetu. Aliichukua randa yake kituoni kwenye taulo lilelile. Msokota koili wa mtaani, anayefufua mota zilizoungua, aliifungua, akatikisa kichwa. Kilichoungua hakifai kusokotwa, na kipya hakiuzwi nje ya kampuni.

Jioni hiyo aliketi kwenye karakana mikono ikiwa mapajani, milango tisa ya mbao ghafi imeegemea ukuta. Kwa mara ya kwanza tangu mumewe aanguke, alisema kwa sauti, "Nimeshindwa." Wifi alisimama mlangoni, akasita, akaingia. Akaichukua randa ya mkono juu ya meza.

"Hii inashikwaje?"

"Wifi, acha."

"Nimekuuliza inashikwaje. Mikono yangu yote miwili ni mizima."

Ikamkwama kwenye ubao, ikaruka, ikamkwangua kidole. Akatukana, akarudia. Mume aliomba kwa ishara asogezwe karibu. Akapitisha kiganja cha kushoto juu ya mbao, na pale palipobaki juu akagonga kwa kidole mara mbili. Wifi akasukuma tena.

Walimaliza milango minane. Sita iliyobaki mwalimu mkuu aliipeleka kwa seremala mwingine, bila maneno makali, lakini hakutoa oda nyingine. Kifundo cha Fundi Mama hakikurudi tena kama kilivyokuwa. Hadi leo huinua kikombe kwa mkono wa kushoto. Kupiga randa sasa ni kazi ya wifi, na anaifanya kwa fujo na kelele nyingi.