Wembe Ulioniletea Matanga

Nikilisimulia jambo hili hadi leo hujifunika uso kwa ncha ya kanga, kwa sababu sijasikia mwanamke mwingine, mwalimu mwenye shahada yake, aliyewahi kugaragara uani kwake mbele ya wanafunzi wake, akimlilia mume ambaye wakati huohuo yuko njiani anarudi, mzima, kipimajoto mfukoni.

Mwaka ule wa 2013 binti yetu Rehema, wa miaka mitano, alikuwa akitibiwa saratani ya damu huko Mwanza: tunakwenda, anatundikiwa dripu za zile dawa kali, kisha tunarudi Kasulu kungoja zamu nyingine. Safari hiyo tulirudi na kichwa chake kikiwa kimepukutika nywele zote, pamoja na onyo la daktari kwamba kinga ya mwili imeshuka mno, asikaribiwe na watu, maana hata mafua ya jirani yangeweza kumrudisha wodini na dozi inayofuata ikaahirishwa. Onyo nililishika. Nywele ndizo zilizonishinda. Alijitazama kwenye kioo cha kabati, akaniuliza, "Mama, mbona mimi peke yangu?"

Nikachukua wembe. Nilimnyoa baba yake, naye akaninyoa mimi (hapo ndipo nilipogundua kwamba kichwa changu kina umbo la kibuyu), na Rehema akacheka kwa mara ya kwanza tangu Mwanza. Sisi si wenyeji wa huku, tulipangiwa kazi tukitokea Lushoto, lakini miaka yote ile nilikuwa nimehudhuria misiba ya Waha na kuwaona wafiwa wakinyolewa matanga yanapokwisha. Yaani nilijua, ila siku ile kujua kwangu kulikuwa kumekwenda likizo.

Asubuhi yake mume wangu alipanda pikipiki kwenda Kabanga kutafuta kipimajoto, kile cha kwetu kilikuwa kimevunjika, nami nikaamua kuisafisha nyumba isibaki hata kijidudu kimoja. Nikamwacha Rehema chumbani na kalamu zake za rangi, nikafunga mapazia, nikatoa makochi yote nje, nikatandika mikeka uani ili nianike mito, nikawasha moto kwenye mafiga na kubandika sufuria kubwa la kuchemshia mashuka. Kisha nikaenda dukani kwa Mzee Saidi kununua sabuni, kichwa wazi. Mzee Saidi, ambaye hamwachi mteja bila kumtania, alinitazama, akaisukuma hela yangu irudi, akasema kwa sauti ya chini, "Nenda nayo, binti yangu. Sote njia yetu ni hiyo." Nikajiambia, watu wema bado wapo, nikarudi kusugua sakafu.

Sikumaliza hata chumba kimoja. Kilio kilianzia kwenye uzio, nikatoka mbio na brashi mkononi, nikamkuta jirani yangu Mama Bukuru akiongoza kundi la kina mama wenye vikapu vya maharage vichwani. Akanikumbatia. "Ayiweee! Jikaze, Mama Rehema, jikaze!"

Nijikaze kwa lipi? Rehema nilikuwa nimetoka kumsikia akiimba chumbani. Basi aliyebaki ni mmoja, na yuko barabarani, kwenye pikipiki. Nikajitupa chini mavumbini.

"Yuko wapi?" nikapiga yowe. "Mwili wameuweka wapi?"

Mama Bukuru akanitazama kwa huruma kubwa zaidi. "Si ninyi ndio mnaojua, mama?"

Jibu hilo sikulielewa hata kidogo, na kwa kuwa sikulielewa nikalia zaidi, na kwa kuwa nililia nao wakalia, na kupitia machozi nikawaona wanafunzi wa kidato cha tatu wakiingia kwa mstari, kila mmoja na kuni yake, nyuma yao mkuu wa shule akipenga kamasi kwenye leso, na mtu fulani akaanzisha wimbo wa mazishi.

Ndipo pikipiki ikaingia. Mume wangu aliona makochi nje, mikeka, moto, umati, na mkewe yuko chini mavumbini. Akaiachia pikipiki ikaenda peke yake kwenye migomba, akashika kipara chake kwa mikono miwili. "Rehema wangu!" Nilipomwona nikadhani ni mzimu, nikapiga yowe lililoyashinda yote ya mwanzo.

Pazia likasogea. Kichwa kidogo, kipara kitupu, kikachomoza dirishani.

"Baba, umeniletea ndizi?"

Mwanafunzi mmoja aliangusha kuni. Wimbo ulikatikia katikati ya ubeti.

"Kumbe yupo!" Mama Bukuru alinigeukia. "Sisi tukasema mmemzika hukohuko Mwanza, hata kutuambia! Sasa mlinyoa ya nini?"

Kabla sijajibu, umati mzima ulikimbilia dirishani kumshika mtoto, na hapo akili ikanirudia kwa ghafla. Nikaruka, nikatanua mikono mbele ya dirisha. "Msimguse! Jamani, mtaniulia mtoto!" Nikawaeleza nikihema, habari za dripu, kinga, nywele. Mama Bukuru alielewa kabla sijamaliza. Akakivua kitenge chake, akakipunga kama anafukuza kuku. "Rudini nyuma! Nyuma kabisa! Na mwenye mafua atoke nje ya uzio, hata kama ni mkuu wa shule!"

Mkuu wa shule akatoka, leso puani.

Maharage yaliletwa, hayakurudishwa. Yaliivia palepale, wakayala kwenye migomba, mbali, wakimpigia Rehema vigelegele, naye akawapungia mkono kama mheshimiwa. Jioni nilimpima joto na kumpima tena. Hakuwa na homa, na dozi iliyofuata aliipata kwa wakati wake.

"Wale wote walikuja kwa ajili yangu?" aliniuliza.

"Wote."

"Basi nywele zikiota, waite tena."

Niliapa kwamba wembe hautagusa tena kichwa katika nyumba hii kabla sijamtuma mtu kwa Mama Bukuru. Na nywele zilipoota (zilichelewa, lakini zilikuja nzito kuliko za mwanzo), niliwaita. Mama Bukuru alifika wa kwanza. Alisimama kwenye uzio na kapu lake la maharage, akanikagua kichwa, akamkagua mume wangu, hakutaka hata kulitua.

"Mama Rehema, niambie kwanza. Leo tunalia au tunacheka?"