Doa Jeupe Kwenye Baridi

Mpaka leo Rawiya akipita mtaa wa Mkunazini hugeuza shingo upande wa duka la marehemu baba yake, ingawa siku hizi panauzwa vinyago vya watalii. Hapo, mwaka 1985, Mzee Hamoud alikuwa fundi saa, na Rawiya, mwanawe wa pekee, akitoka skuli humshikia taa.

Alipokua akasomea ufundi Uingereza, akaajiriwa kwenye karakana iliyokuwa ikiunda kamera ya darubini ya kupelekwa angani. Kamera ile ilinasa joto la nyota, lisiloonekana kwa macho. Kwa hivyo ilibidi ipozwe kupita barafu, isije ikanasa joto lake yenyewe. Rawiya ndiye aliyeifunga, kipande kwa kipande.

Mwaka 1999 wakaitia ndani ya pipa la chuma la kupozea, kuijaribu. Baridi ilipofika mwisho, likatokea doa jeupe pembeni mwa picha. Wakaitoa, wakaikagua wiki nzima, wasione kosa. Wakubwa wakasema jicho la kamera limeharibika.

Jumapili, kama kawaida yake kila wiki, Rawiya akapiga simu nyumbani.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona sauti huna?"

Akamweleza. Mzee akauliza, "Unamkumbuka Jecha wa kiwanda cha barafu?"

Rawiya akacheka. Saa ya Jecha ilikuwa ikienda vizuri dukani, ikifika kazini inasimama. Hamoud aliitia ndani ya chupa ya chai iliyojaa barafu, akawa anaichungulia kila dakika mpaka akajua inakwama wapi.

"Nyinyi mnaitazama ishapoa," baba akasema. "Itazameni inavyopoa."

Kesho yake Rawiya akaomba waipoze polepole, wakipiga picha kila hatua. Siku ya tatu wakaliona doa likianza, dogo kama punje ya ufuta. Kiwango kile cha baridi kikawaonyesha pa kutazama: hapo ndipo bati la kuzuia joto lilipoanza kusinyaa na kuacha mwanya wa kupenyeza joto. Rawiya akalifunga upya. Doa halikurudi.

Mwaka 2003, darubini ishapaa, alikwenda nyumbani na picha ya nyota. Mzee alikuwa na mtoto wa jicho, haoni.

"Nisimulie," akasema.

Akamsimulia, nyota moja baada ya nyingine, mpaka kahawa ikapoa.

"Na lile doa?"

"Halipo, Baba."

Mwaka uliofuata mzee alifariki. Wengi wamemsifu Rawiya tangu hapo, lakini ikifika Jumapili mkono bado huenda wenyewe kwenye simu.