Siku Niliyotoka Nje ya Ukumbi

Siku ya kwanza ya udiwani nilikwenda na suti ya kuazima na kalamu yangu mwenyewe. Tulipokwisha kuapa, mwenyekiti wa halmashauri yetu, mzee wa Kibondei asiyecheka ovyo, alinivuta kando.

"Mheshimiwa, neno gumu humu ndani si 'naomba kuchangia'. Ni 'natangaza maslahi'."

Maana yake, jambo likikugusa wewe au nduguzo, unasimama, unasema, unatoka, wenzako wanaamua bila wewe.

"Na pwani hii, mzee, ambako nikitupa jiwe nampiga shemeji?"

"Basi utatembea sana."

Kabla ya siasa nilikuwa mfanyabiashara wa nazi, kupatana bei nakujua. Kwenye kamati ya mipango nilipatana na kila mtu: barabara ya kata hii kwa kisima cha kata ile. Hiyo si rushwa, vijana, ndiyo kazi. Rushwa ni pale kisima kinapochimbwa uani kwako.

Kisha likaja suala la kiwanja cha pembeni mwa soko la samaki. Tajiri mmoja alikitaka ajenge ghala la barafu. Wakaanga samaki walikuwa pale na makaango yao tangu enzi za mama zao, na mmoja wao, Mwanahamisi, ni mdogo wake mke wangu. Mkwe wa tajiri naye alikuwa diwani mwenzangu. Nikahesabu kura, nikarudia. Tukitoka sote wawili, zinalingana, na zikilingana mwenyekiti ndiye huamua. Yeye alikuwa upande wa akina mama.

Nikamfuata mwenzangu barazani. "Mimi natoka. Nawe?"

"Tunatoka, kaka. Wallahi."

Kikao kilipoanza nikasimama, nikatangaza, nikaelekea mlangoni. Mwenyekiti akauliza, "Mwingine mwenye maslahi?" Nikageuka. Mwenzangu alikuwa akisoma ajenda kana kwamba ni barua ya mchumba. Nami nilikwisha kutangaza, sina tena ruhusa ya kusema juu ya jambo lile. Akina mama wakashindwa kwa kura moja.

Mwanahamisi aliningoja getini.

"Shikamoo shemeji. Nasikia ulitoka."

"Marahaba. Ndiyo kanuni."

"Na huo uaminifu wako tutaukaanga kwa mafuta gani?"

Muhula uliobaki nilipigania wapate paa na maji kule walikohamishiwa, nyuma ya stendi. Paa likaja, maji yakaja. Wateja hawakuja wote.

Sasa nimestaafu, na vijana wanaotaka kugombea hunifuata nyumbani Usagara kuniuliza kama ningetoka tena. Ningetoka. Ningebaki, yeyote angeweza kuwafukuza akina mama pale kwa kusema walipewa na shemeji yao, na angekuwa amesema kweli. Lakini hayo nayasema nimeshiba, nimeegemea mto. Nimemweleza Mwanahamisi pia, palepale nyuma ya stendi, mara nyingi tu. Hanibishii. Hunisikiliza mpaka mwisho, anageuza samaki, kisha ananiambia nisogee, nimemzibia wateja.