Nta ya Pantaleo

Jua halijafika dirishani, na Anjelina Elisante tayari anayeyusha nta. Anaimimina taratibu juu ya kinyama kidogo kama punje ya uwele, anasubiri igande ili kinyama kisioze, kisha anakibandika namba na kukipanga kabatini. Hii ndiyo kazi yake katika maabara moja jijini Dodoma: kutunza vipande vilivyokatwa kwenye uvimbe wa wagonjwa.

Kabatini humo kiliwahi kukaa kipande cha Pantaleo, mdogo wake, mkulima wa kijijini Kolo. Alikuwa na saratani ya kongosho. Madaktari walimpa miezi michache, akaishi miaka mitatu. Akavuna alizeti, akamwozesha binti yake.

"Alikuwa akinitania, 'Dada, hao wenzako wa mjini hesabu iliwashinda,'" anasema Anjelina.

Alipofariki, mama yao alisema mwanawe hawezi kulala kaburini huku nyama yake iko kabatini. Familia ikaomba, maabara ikawakabidhi. Lakini mama alipoona nta, akagoma.

"Akaniuliza, 'Unataka nimzike mwanangu na mshumaa?' Nikachemsha maji, nikaiyeyusha nta yote. Kinyama nikakifunga kwenye kitambaa cheupe, tukamwekea kifuani. Watu wakanisifu kwamba nimemheshimu ndugu yangu."

Mwaka huu Rose, kitinda mimba wao, amekutwa na ugonjwa uleule.

Dk. Thobias anayemtibu anasema uvimbe huwa na alama za vinasaba. Zipo zinazoashiria ugonjwa utakwenda mbio, na zipo zinazoonyesha dawa ipi huenda ikasaidia. Kwa Rose imeonekana alama ambayo bado haijaeleweka vizuri.

"Daktari akaniuliza, 'Yule ndugu yenu aliyeishi muda mrefu, kipande chake kipo? Kama naye alikuwa nayo, tungepata pa kuanzia.' Nikamwambia tulikizika naye," anasema Anjelina. "Vya watu wote nimevitunza. Cha kwetu nimekiharibu kwa mkono wangu."

Matibabu yameanza bila jibu hilo.

Nje ya maabara, Rose ameketi kwenye benchi akimenya karanga. Amekonda, lakini mdomo haujakonda.

"Dada analia kuliko mgonjwa," anasema. "Mimi nasubiri dawa, yeye anasubiri nimsamehe. Nimeshamsamehe, hasikii."

Sasa Anjelina anataka jambo moja: kipande cha Rose kisitoke kabatini, lolote litakalotokea, ili siku watoto wao wakiugua, daktari akiulizia kiwepo. Aliogopa kumwambia mama. Jumapili iliyopita Rose alimsemea, wakiwa Kolo wanapepeta uwele.

"Mama, ukinizika, nizike pungufu. Kipande changu kibaki kwa dada."

Mama aliendelea kupepeta hadi ungo ukabaki na punje tupu, ndipo akamgeukia Anjelina.

"Hilo kabati lina kufuli?"

"Lina, mama. Ufunguo ninao mimi."