Mstari wa Tano

Jumapili ile ya Pasaka tulibatiza familia saba, nami nilikuwa na furaha ya kijinga kwa sababu nilikuwa nimepata kalamu mpya. Mimi ndiye niliyekuwa karani wa usharika. Kazi yangu ilikuwa kuandika katika kitabu kikubwa cha ubatizo jina la mtoto, majina ya wazazi, nyumba yao iko wapi pale mjini, na kwao ni wapi, yaani walikotoka kabla ya kuja kwetu. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri na nilijua ni mzuri. Mchungaji Zakaria alinitania kwamba siku ya hukumu malaika watakuja kuniazima.

Watu walipanga foleni mbele ya beseni. Wa kwanza alikuwa Musa, fundi seremala, amemshika mkono binti yake Eunice wa miaka saba. Alipoona mama aliyebeba mapacha nyuma yake, akampisha. Akampisha na mwingine mwenye mtoto anayelia, kisha mwingine, kisha mwingine.

"Musa, zamu yako itafika lini?" mchungaji akamwuliza, kanisa zima likacheka.

"Andikeni hao kwanza, pasta. Mimi niko tu, siendi mahali."

Nikamwandika wa tano.

Mji wetu ulikuwa senta ya barabara moja katika Bonde la Ufa, na wengi wa waumini wetu walikuwa wamehamia pale kutafuta shamba au kibarua. Mchungaji alikuja na baiskeli na sanduku la bati, akakaa miaka kumi na mmoja. Alichimba kisima pamoja na wajane, yeye mwenyewe shimoni, kola yake imetundikwa kwenye kijiti. Alifundisha watu wazima kusoma katika darasa la ngumbaru, na hakumwuliza mtu ni wa dhehebu gani wala kabila gani. Ile habari ya kuandika kwao ni wapi ilikuwa wazo lake. Tulikuwa tumemzika kibarua mmoja bila kuwajua ndugu zake, na miezi miwili baadaye mama yake akaja mjini akimwulizia. Mchungaji ndiye aliyempeleka kaburini. Akarudi akasema hatuziki tena mtu ambaye hatujui pa kupeleka habari zake. Basi kwa huruma tupu tukawa na kitabu kinachosema kila mgeni ametoka wapi na mlango wake ni upi.

Uchaguzi ulipokaribia, neno "wageni" likaanza kutajwa mikutanoni. Vikaratasi vikatupwa milangoni asubuhi, vikiwataka waliokuja warudi walikotoka. Halafu tukaona moshi kwenye vilima vya upande wa pili.

Mchungaji akaniita sakristia.

"Kichome kile kitabu. Leo, usingoje kesho."

"Sawa, mchungaji."

Nikakipeleka jikoni. Moto ulikuwepo, chini ya sufuria ya uji. Nikakifungua penye utepe, nikaona ukurasa wa Pasaka, mistari saba iliyonyooka. Nikajiambia kwamba watu hawa wengi hawana hati ya ardhi, na kitabu hiki ndicho ushahidi pekee kwamba wamewahi kuishi hapa. Hilo lilikuwa kweli. Kweli nyingine ni kwamba sikuweza kuutia motoni mwandiko wangu wa miaka yote ile. Nikakifukia ndani ya robota la nguo za mitumba zilizokuwa zikingoja kugawiwa wajane.

Nikamwambia nimekichoma. Akanishukuru.

Siku ya tatu vijana wa vile vikaratasi walikuja, saa tisa alasiri.

Niliposikia filimbi ya kwanza nilikimbia, nikalala katika mahindi kando ya kanisa, mahali pa kuona mlango na barabara. Siwezi kulipamba hilo.

Mchungaji hakukimbia. Alisimama mlangoni, akawaambia hapa hakuna wageni, wote ni wa usharika huu. Hawakumgusa. Wakampita, wakaingia.

Wakalitoa robota nje kwa ajili ya nguo. Wakalikata kamba.

Kitabu kikaanguka.

Aliyekiokota nilimfahamu. Alijifunza kusoma kwenye darasa letu la ngumbaru. Alifungua penye utepe, akaanza kusoma kwa sauti, kidole chini ya maneno, silabi kwa silabi, kama alivyofundishwa.

Mchungaji alisikia jina la kwanza. Aligeuka akatazama huku na huku, nami naamini alikuwa akinitafuta.

Kisha akakimbia.

Ukurasa ule aliujua kama mimi. Alifika kwa mama wa mapacha kabla msomaji hajamaliza mstari. Nikamwona yule mama akitoka mbio kuelekea mtoni. Akafika nyumba ya pili. Ya tatu. Ya nne.

Hapo wakaelewa anachofanya.

Walimkamata kati ya nyumba ya nne na ya tano. Walikuwa na mapanga.

Kutoka nyumba ya tano nilisikia nyundo ya Musa. Alikuwa akitengeneza benchi, na Musa akiwa kazini alikuwa hasikii kitu.

Nyundo ikagonga tena mara tatu, nne.

Ikanyamaza.

Eunice alikuwa bado shuleni, na mama yake alikuwa amemfuata. Ndiyo sababu wako hai. Wa mstari wa sita na wa saba hawakuwa na bahati hiyo.

Nilifika Maskati miaka michache baadaye. Mpaka leo ni dereva wa Bi Zuwena, mama wa Kiomani wa Sib aliyezaliwa Unguja. Ijumaa, siku yangu ya mapumziko, huenda Ruwi, ambako Wakenya tunasali katika chumba kilicho juu ya duka la fundi cherehani. Waliwahi kuuona mwandiko wangu, wakanitaka niwe katibu. Nilikataa, wakasema ni mvivu. Niliwaacha waseme.

Ijumaa moja, miaka mingi baada ya siku ile, msichana anayesafisha vyumba katika hoteli alinijia baada ya sala.

"Samahani, mzee. Si wewe ndio ulikuwa karani wa Pasta Zakaria? Mimi ni Eunice. Wa Musa fundi."

Alikuwa anataka kuolewa kanisani nyumbani, na kanisa lilitaka cheti cha ubatizo. Walimwambia kitabu kilipotea vitani, lakini barua ya mtu aliyeshuhudia ingetosha. Nikamwambia aje Ijumaa inayofuata.

Wiki hiyo nilikuwa nampeleka Bi Zuwena kwa dada yake Mabela.

"We leo humo kabisa," akasema kutoka kiti cha nyuma. "Mabela tushaipita. Una nini?"

Sijui kwa nini nilimweleza. Labda kwa sababu nilikuwa sioni uso wake.

"Usimwambie, mwanangu. Sisi tulipokuja huku, alikuja mtu akamwambia mama nani aliyewaonyesha watu wa mapinduzi nyumba yetu. Jirani! Mama nnamkumbuka, tangu siku ile Unguja hakuitaja tena. Mume alikuwa keshampoteza, basi ikaenda na Unguja. Mpe barua yake, khalas."

Nilikusudia kumtii. Niliandika barua kwa mwandiko ule ule, na Ijumaa nikampa Eunice. Aliisoma akicheka kwa furaha.

"Hata nyumba unakumbuka! Nyuma ya posho mili, pale pa kusagia unga! Wewe mzee una kichwa."

Sifa hiyo ndiyo iliyonishinda. Nikamwambia yote: moto chini ya sufuria, robota, uongo wangu kwa mchungaji, mahindi.

"Kwa hivyo sisi tulikuwa mstari wa ngapi?"

"Wa tano."

"Na pasta alifika wa ngapi?"

"Wa nne."

Alitazama sakafu.

"Mama hupenda kusimulia ile foleni. Vile baba alikuwa wa kwanza na akapisha watu. Kila mwaka tukimkumbuka, anasema hiyo tu. Ndio kitu amebaki nacho." Akainua macho. "Sasa nitamwambia nini?"

Tangu siku hiyo nimejaribu kujifariji kwamba mapacha wale wako hai, na wenzao wa mistari mingine mitatu. Lakini hao waliokolewa na wema wa Musa na miguu ya mchungaji. Yangu ni ile mistari mitatu ya mwisho wa ukurasa. Nilikiokoa kitabu ili watu wale wasisahaulike, nacho kiliishia motoni pamoja na kanisa jioni ile ile, kwa mikono ya wengine.

Eunice aliikunja barua akaitia kwenye mkoba. Ibada ya pili ilikuwa inaanza, watu wakimiminika ndani, na mlango wa chumba kile ni mwembamba. Alisimama pembeni akiwapisha mmoja mmoja mpaka wa mwisho akaingia, ndipo akatoka. Sijamwona tena.