Mgongo Wangu na Ndege wa Kau

Watu wakiniuliza nani alinitibu mgongo, nasema ni mimi. Wengine hunitazama kama mtu anayejisifu, na kweli najisifu. Miaka sita nilitembea nimeshika kiuno kama mjamzito wa miezi tisa, na leo nainama, nakata mpunga, nainuka na mzigo kichwani. Nimsifu nani mwingine?

Mgongo ulianza mwezi mmoja baada ya mama kufariki. Mama aliishi Kau, karibu na mdomo wa mto Tana. Mimi naishi Garsen nilikoolewa. Mwaka ule mto ulifurika, barabara ikakatika, na hakuna aliyethubutu kuteremka na mtumbwi kwa mkondo ule. Mama akafa asubuhi, akazikwa kabla ya adhuhuri, na kaka yangu mkubwa akanipigia simu alasiri. "Tumeshamzika, dadangu. Mwombee." Nikamjibu, "Haidhuru, kaka. Sheria ni sheria, maiti hacheleweshwi."

Sikulia. Kwetu tunafundishwa kwamba maiti hasitiriwi kwa mayowe, na mimi nilikuwa mwanafunzi hodari. Wiki zile watu waliohamishwa na maji walijaa kwenye uwanja ulioinuka pale Garsen, nami nikawapikia, nikabeba madumu ya maji, nikaosha sufuria za kupikia watu mia. Wakasema huyu ni mwanamke wa chuma. Nililifurahia sana jina hilo.

Basi siku moja nikainama kuokota sahani, sikuinuka.

Sitazitaja dawa zote. Nilipigwa chuku ya kutoa damu, nikakandwa kwa mafuta ya habasoda, nikanunua mkanda wa kiuno nikaufunga mpaka ngozi ikachubuka. Mwishowe nikaenda Malindi kupigwa picha. Daktari, mtu mpole wa miwani, akaitazama ile picha akasema, "Mama, mifupa yako haina tatizo. Maumivu unayasikia kweli, sisemi unadanganya. Lakini hebu angalia yanakuja saa gani, na kukiwa na nini." Nilitoka pale nimefura. Nimesafiri nimejilaza ubavu kwenye kiti cha basi, kuja kuambiwa sina kitu? Nikakaza mkanda tundu moja zaidi.

Sasa, mama aliniachia shamba lake la mpunga pale Kau, kando ya mto. Aliniachia mimi, kwa mdomo wake, mbele ya kaka. Lakini shamba haliachwi likae bure, na kila msimu nilikuwa naweka vibarua. Wao wanalima nusu, ndege wanakula nusu ya hiyo nusu. Mwaka jana kaka akaniambia wazi: "Shamba linataka mgongo, dadangu. Msimu huu ukishindwa, nitampa mtu mwingine alime." Hakuwa na ubaya, na ndiyo maana iliniuma zaidi. Nikasema sawa, kaka.

Mpunga ulipotoa masuke nikahamia Kau, nikalala nyumba ya mama, na alfajiri nikapanda dungu kuamia ndege. Asiyeijua kazi hii hudhani ni ya kukaa. Unasimama juu ya jukwaa la miti tangu kunapopambazuka mpaka magharibi, una kombeo na madonge ya udongo mkavu, na unapiga kelele. Wale ndege wadogo hushuka kwa mkupuo. Ukienda kunywa maji tu, umevuna makapi. Ndiyo maana kuna desturi: mwenye shamba akiita, jirani lazima aitikie, na wa baada yake aitikie, sauti ipite shamba hadi shamba ndege wasipate pa kutua. Ukinyamaza, wanashukia kwako.

Siku ya tatu jioni kaka akaja na kambare wa kukaushwa. Nikamtengea chai. Akakaa kwenye mkeka wa mama, akaanza habari ya yule mtu wa kupewa shamba, na kabla hajamaliza kikombe mgongo ulinikaza hata nikashindwa kuinua birika. Alipoondoka nikakaa kufikiri. Siku tatu nimesimama juani, nimerusha madonge mpaka kwapa likawaka moto, mgongo kimya. Halafu kikombe cha chai ndicho kimenivunja? Chai haina uzito.

Hapo ndipo nilipomkumbuka yule daktari, na nilimkumbuka kwa shingo upande.

Nikaanza kujichunguza. Mgongo ukishika, sikimbilii mkanda. Nasimama, najiuliza, kumetokea nini sasa hivi, na moyoni kuna nini? Mwanzo jibu lilikuwa hakuna. Mwanamke wa chuma, moyoni awe na nini? Lakini nikingoja, naona joto linapanda kooni, na nikiliita kwa jina lake, hasira, mgongo unalegea kidogo, kama mtu aliyepiga hodi muda mrefu na hatimaye akaambiwa karibu. Siku nyingine haukulegea hata chembe. Kuna siku nzima nililala chali, jirani akaniamia shamba, nami nikiamini kwamba nimejidanganya. Kesho yake niling'oa magugu matatu nikaacha. Kesho kutwa, kumi. Niliuambia mgongo: nakusikia, lakini tutainama.

Hasira ile nilijua ni ya nani, ila sikujiona na ruhusa nayo. Kaka alifuata dini. Utamkasirikiaje mtu aliyefanya la haki? Basi nilikuwa nimemkasirikia hivyo hivyo, miaka sita, huku nikimtengea chai.

Asubuhi moja kundi zima la ndege likashuka. Nikafungua kinywa kuita "Haaya, haaya!" kama siku zote, likatoka neno jingine: "Mlimzika mama yangu bila mimi!" Utadhani ndege ndio walioshika jembe siku ile.

Jirani yangu wa shamba la pili, mwanamke wa rika langu, hakusita. Desturi ni desturi. "Bila yeye!" akaitikia. "Waambie, shoga!" Na kutoka shamba la tatu, sauti ya mwanamke nisiyemwona: "Bila yeye!" Ikaenda hivyo mpaka ukingoni mwa mto. Nikacheka hadi nikashika nguzo ya dungu nisianguke. Kisha kicheko kikageuka nikalia, kilio cha miaka sita, kwa sauti, kombeo mkononi. Ndege wakala kona nzima ya shamba. Niliwaachia, ikawa sadaka ya mama.

Siku ya kuvuna nilikuwa shambani kabla ya jua. Ule mkanda nilikuwa nimeufungia kuni. Kaka akaja na yule mtu wake, wakasimama kwenye tuta. Nilikuwa nimeinama nakata, na sikuinuka haraka. Nilitaka anitazame vizuri.

"Mashallah," kaka akasema.

Nikainuka, kisu mkononi. "Kaka, ulimzika mama bila mimi. Sheria naijua. Lakini ungenipigia simu kabla ya kumteremsha, nimuage. Nimekukasirikia miaka sita, na hasira hiyo nimechoka kuibeba."

Mgongo ulishtuka, ndiyo. Nikauacha ushtuke, nikainama tena kukata.

Kaka akavua viatu, akachomoa kisu chake kiunoni, akaingia shambani. Alikata mashada mawili matatu. Kisha, kwa sauti ya chini: "Kaburi lilikuwa likijaa maji, dadangu. Tulikuwa tunayachota kwa sufuria, nayo yanarudi. Ningekupigia, ungeniuliza mama analala wapi. Ningekujibu nini?"

Kumbe miaka sita yote na yeye alikuwa na lake. Nililia nikiwa nimeinama, nikaendelea kukata, naye akikata kando yangu, na mgongo wangu haukusema neno. Yule mtu aliyekuja kupewa shamba alingoja kwenye tuta, akatutazama weee, mwishowe akauliza kama kuna kisu cha ziada.