Wimbo Tuliouzika Unaimba ku Duka la Fabiano

Makosa ni yangu, nianze hapo. Ku soko ya Baraka, mbele ya batu bote, nilimuona shemeji yangu Wilondja anasimama na kitunga cha samaki ndagala ku kichwa, anasikiliza sauti yangu inamutukana. Mi nilikuwa karibu yake, kinywa nimefunga. Sauti ilitoka ku gramafoni ya Fabiano, mwenye duka.

"Wilondja, baba analazwa chini, we uko wapi? Wilondja, kaburi limekauka, sasa njo unafika na viatu vipya."

Bamama ba mihogo bakacheka. Mumoja akamuuliza, "Baba Asende, leo umevaa viatu gani?"

Wilondja alitua kitunga polepole, akaniangalia mi. "Shemeji, si tuliuzika?" Akaenda zake. Kitunga kikabaki pale chini, na mi sikuweza hata kukiokota.

Mi ni mutu wa gitari. Shule niliacha mapema, munisamehe maandiko. Sina bwana, sina kundi. Nyimbo natunga mwenyewe, natembea nazo toka Lubondja mpaka Lulimba kwa bachimba zahabu, ku arusi, ku kilio, ku pombe. Zamani mutumbwi ulitupindukia ziwani. Wenzetu bakazama. Wilondja njo alinivuta kwa shati mpaka inchi kavu. Kisha akamuoa dada yangu mudogo. Sasa mujue ni mutu gani nilimutendea.

Baba yake alipokufa, Wilondja alikuwa Lulimba na mambo yake. Kwetu mutoto wa kwanza njo anatupa udongo wa kwanza, na yeye alifika kisha ya maziko, na viatu vipya ku miguu. Nikakasirika, nikatunga ule wimbo. Muji muzima ukaushika, mpaka batoto bake bakaimbiwa ku njia ya maji. Akaona haya, akaleta mbuzi, akaomba musamaha.

Wazee ba nyumba bakachimba tundu dogo nyuma ya nyumba ya marehemu. Nikainama, nikauimba mara ya mwisho ndani ya tundu, nikatema mate. Wilondja akafunika kwa muguu. Tukala pamoja. Njo desturi yetu. Wimbo wa kumuzomea mutu ukishazikwa, mwenye kuufukua anamufukua na marehemu.

Fabiano alikuwepo. Alikula ile nyama, akalamba vidole.

Halafu muzungu wa mashini ya kukamata sauti akafika toka Usumbura. Bakamuweka mu depo ya pamba, kwa sababu magunia yanameza kelele. Fabiano njo alikuwa anamutafsiria, akaniita. Niliimba wimbo niliomutungia mama, wa mupunga wa Lubondja. Ulikuwa muzuri, mpaka leo nasema. Lakini sahani ya gramafoni iko na pande mbili.

"Upande wa pili imba ile ya viatu," Fabiano akasema.

"Ile tulizika."

"Mulizika mu udongo. Hii ni mashini. Sahani itauzwa Usumbura, nani kule anamujua Wilondja?"

"Na ikirudi huku?"

"Ah, kaka! Mutu muzima anaogopa sauti yake mwenyewe?"

Muzungu akauliza tunabishana nini. Fabiano akacheka, akamujibu kwa kifaransa, muzungu naye akacheka. Sikuelewa. Nikaimba.

Sitasema alinifunga kamba. Nilitaka hiyo sahani. Nilitaka batu ba mbali baulize, huyu ni nani? Na mi nilijua wimbo ni pumzi, ukiisha umeisha. Sikuwahi kuona wimbo unaoisha, halafu mutu mwingine anazungusha mukono wa mashini, unaanza tena bila kuniuliza.

Kisha ya ile siku ya soko, Wilondja alivuka ziwa, yuko Kigoma. Alituma neno kwamba harudi inchi ambako baba yake anafukuliwa kila siku ya soko. Dada yangu na batoto bako mu kiwanja changu. Anapika, anaweka sahani ya ugali mbele yangu, haniambii karibu. Siku moja tu alisema: "Yaya, kaka yangu, kwa nini ulikuwa umesimama kimya pale sokoni?" Jibu lake mpaka leo nalitafuta.

Situlii. Napanda Fizi, naukuta ule wimbo mu kilabu. Nashuka pwani, naukuta kwa bavuvi. Namuomba mutu auzime, ananipiga bega: "Fundi, sasa unaimba hata ukiwa umelala!" Sahani yangu nimeipasua. Nimepasua na ya jirani, tukagombana. Fabiano akaagiza zingine.

Juzi akaja na tabasamu. Muzungu anataka sahani mpya. "Tafuta mwingine wa kumuzomea," akasema. "Ule wa mama yako batu banageuza upande."

Nilimufukuza. Lakini gitari nayo nikiishika, naiweka tena, natoka inje, narudi.

Nyinyi benye kuimba, mbele ya kufungua kinywa ku ile mashini, muulize kwanza nani ataweza kuunyamazisha wimbo. Musidanganyike na neno la mbali. Batu banasafiri, na sahani zinasafiri.

Na we Fabiano, jina lako nimeliandika, langu sikuliweka, utalijaza mwenyewe. Ulijua. Ulimwambia muzungu nini siku ile, hata akacheka? Njoo uliseme neno hilo mu kiwanja changu, kwa Kiswahili, dada yangu akiwa amekaa mbele yako. Kisha tupande mutumbwi wote wawili, tuvuke Kigoma, ukamuambie Wilondja ni nani aliyesema imba, na mi nimuambie ni nani aliyekubali. Nangoja useme siku gani.